Kweli au Uongo: Tunayosimuliana Kuhusu Wahenga wa Njia ya Tabora

Ukikaa Tabora muda mfupi tu, hadithi zitakufuata. Utaambiwa kila mwembe ulipandwa na mtumwa, kila boma la Mjerumani lina dhahabu chini yake, na kila mpagazi alifika pwani akiwa na mnyororo shingoni. Bila shaka umeyasikia haya, na huenda nawe umeyasimulia mbele ya wageni. Nimeyachukua yale yanayorudiwa zaidi nikayapima kwa maandishi ya enzi hizo, kwa kazi za wanahistoria na kwa yale ambayo wazee wamekuwa wakisema siku zote.

Nina sababu ya kujali. Njia hii ya kilomita kama 1,200, kutoka Bagamoyo kupitia Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hadi Ujiji, imo tangu 2006 katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inataka yatambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia. Siku itakapowekewa vibao na minara, itafaa majina na habari zitakazochongwa ziwe za kweli. Tukikosea, tutakuwa tunawaenzi watu ambao hawakuwahi kuishi, huku waliotoa jasho wakiachwa nje.

"Wapagazi wote walikuwa watumwa."

UONGO. Na huu ndio uongo unaoniuma zaidi, kwa sababu unawapokonya mababu zetu kazi yao.

Wengi wa waliobeba mizigo kwenye njia ya kati katika karne ya 19 walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi na Wasukuma, waliojiajiri kwa ujira. Mzigo wa kawaida ulikuwa wa frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na pembe kubwa ya ndovu ilizidi hapo. Malipo yalipatanwa kabla ya safari: vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, na posho ya njiani. Sehemu ilitolewa mapema. Mbele alitembea kirangozi, ambaye wapagazi wenyewe walimkubali, na mwenye mali aliyegombana naye alijuta.

Ushahidi uko wapi? Soma shajara za wageni waliopita hapa, kuanzia Burton na Speke waliofika Kaze, jirani kabisa na Tabora ya leo, Novemba 1857. Kurasa nyingi ni malalamiko: wapagazi wametua mizigo, wamegoma kuondoka mpaka posho iongezwe, wengine wamerudi kwao usiku kwa sababu mwajiri amevunja ahadi. Wageni waliandika hayo kwa hasira, lakini wametuachia picha ya wafanyakazi waliojua thamani yao na kuidai. Mtu aliyefungwa mnyororo hapatani bei. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyewatafiti wapagazi hawa kwa miaka mingi, anawaweka miongoni mwa wafanyakazi wa ujira wa mwanzo kabisa katika eneo hili.

Sasa upande wa pili, maana nao ni wa kweli na mchungu. Watumwa walipita Tabora, wengi wakiletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Baadhi ya wapagazi wa pwani walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, wakagawana nao ujira. Wengine hawakufika pwani kamwe: walibakizwa Unyamwezi kulima mashamba ya wafanyabiashara na ya watemi, wakati wenye nyumba wako safarini. Sultani Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa bara mwaka 1876, ila biashara iliendelea kwa kificho. Wajerumani nao hawakuufuta utumwa. Walitangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo kuna watu wa aina mbili wa kukumbukwa kwenye njia hii, mpagazi aliyeuza nguvu zake na mateka aliyeporwa zake. Kuwachanganya kunawadhulumu wote wawili.

"Waarabu ndio waliofungua njia, sisi tuliwafuata."

UONGO. Misafara ya Wanyamwezi ilikwisha kufika pwani na pembe zake yapata 1800. Wafanyabiashara wa pwani na wa Omani walianza kupanda kuja Unyamwezi miongo kadhaa baadaye, wakipita mle mle mlimokwisha kupitwa. Hata kabla ya pembe kulikuwa na biashara ya chumvi, majembe na shaba. Chemchemi za chumvi za Uvinza zimetumika kwa zaidi ya miaka 1,000, na uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulithibitisha hivyo.

Mchango wa wageni haukanushwi. Walileta mtaji, bunduki, mchele, miti ya matunda na Kiswahili chenyewe kilichotuunganisha, na walioa hapa. Baba yake mfanyabiashara Tippu Tip alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, eneo la Tabora. Ila mtu aliyeoa kwenu hawezi kuitwa aliyeijenga nyumba ya babu yako.

"Safari ilikuwa kazi ya wanaume."

UONGO. Wake za wapagazi walitembea, walibeba vyungu na watoto, walipika na kuuza chakula kambini. Mmoja ana jina linalojulikana: Halima, mpishi katika msafara wa Livingstone. Ni wangapi kama yeye wametajwa kwenye kibao chochote kati ya Bagamoyo na Ujiji?

"Stanley alikutana na Livingstone Tabora."

UONGO. Walikutana Ujiji, mwishoni mwa 1871. Tabora inahusika kwa sababu nyingine: Februari 1872 wawili hao walifika pamoja Kwihara, karibu na Tabora, wakakaa katika tembe ambalo leo ni makumbusho. Stanley aliondoka Machi, na Livingstone akabaki hadi Agosti akisubiri wapagazi ambao Stanley alimpelekea kutoka pwani.

"Maiti ya Livingstone ilipita Tabora mabegani mwa Waafrika."

KWELI, na ni kweli kubwa kuliko inavyosimuliwa. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Wafuasi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, kisha wakaubeba kuelekea pwani. Jacob Wainwright, kijana aliyesomea shule ya misheni huko Nasik, India, aliandika kumbukumbu kwenye gome la mti na kuendelea kuandika shajara.

Walipofika Unyanyembe walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyewashauri mwili uzikwe hapo hapo. Walikataa. Wakasonga mbele hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Ni mwendo wa miezi kadhaa na zaidi ya kilomita 1,500, kwa uamuzi wao wenyewe, bila bwana wa kuwaamuru na bila hakika ya kulipwa. Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza Westminster Abbey, Aprili 1874. Alirudi Afrika Mashariki, na mwaka 1892 akafia Urambo, si mbali na barabara aliyokuwa ameipita na mzigo ule.

Nenda Kwihara ukaone. Nyumba ina jina la mgeni aliyekaa humo miezi michache. Sina ugomvi na jina hilo, kwa kuwa alipinga utumwa kwa dhati. Ninachodai ni kwamba waliombeba nao wapewe ukuta wao, kwa majina, kwa sababu mengi ya majina hayo yameandikwa na yanapatikana.

"Mirambo alikuwa jambazi wa njiani." Na pacha wake: "Mirambo alikuwa mkombozi aliyepigana kuufuta utumwa."

UONGO, yote mawili. La kwanza kuhusu mtemi huyu wa Urambo lilienezwa na waliokosa faida alipoifunga njia mwaka 1871. Wafanyabiashara wa Tabora walimshambulia, Stanley akiwa upande wao, na wakashindwa. Mirambo akafika hadi Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Jambazi huvizia msafara, anapora, anakimbia. Mirambo alijenga dola, akaweka watawala, akadai hongo kama mtawala yeyote anayedai ushuru mpakani kwake, akaandikiana barua na Sultani wa Zanzibar na wawakilishi wa Uingereza. Stanley huyo huyo, alipokutana naye 1876, alibadili kauli, wakachanjiana udugu.

La pili ni tunda la mapenzi yetu, na nalielewa. Tulipopata uhuru tulihitaji mashujaa wasio na doa. Lakini Mirambo alipigania nani atawale biashara. Hakupigana kuifuta. Aliuza pembe, alikuwa na watumwa, na wapiganaji wake, ruga-ruga, walichoma vijiji vya Wanyamwezi wenzao. Alipokufa Desemba 1884 dola yake haikudumu. Kumheshimu ni kumsoma mzima mzima. Kwa Kiswahili tunacho kitabu cha J. B. Kabeya kuhusu maisha yake, na kinastahili kuwapo kwenye maktaba ya kila shule ya Urambo.

"Mtemi Isike alijilipua asikamatwe."

KWELI. Wajerumani waliishambulia ngome yake mara kadhaa mwaka 1892 wakashindwa. Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliishambulia tena na kuivunja. Isike aliwasha baruti iliyokuwa ghalani. Walioshuhudia upande wa Wajerumani wenyewe waliliandika tukio hilo, kwa hiyo hatuhitaji kulitetea kwa sauti kubwa. Lina mashahidi waliokuwa maadui zake.

"Wajerumani walifukia dhahabu Tabora."

DHAHABU, KWELI. KUFUKIA, HAKUNA USHAHIDI.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu hadithi hii inaharibu makaburi. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na meli za Waingereza baharini na hawapati sarafu kutoka kwao, Wajerumani walitengeneza fedha hapa hapa Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Walifua sarafu za heller kwa shaba ya njano na nyekundu iliyopatikana, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya ndovu, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Za dhahabu zilizidi 16,000. Leo wakusanyaji sarafu duniani wanazinunua kwa bei kubwa, na kila moja unayoiona mnadani ni moja ambayo haikufukiwa. Zilitolewa zikatumike, na zilitumika.

Majeshi ya Kongo ya Ubelgiji, chini ya Jenerali Tombeur, yaliingia Tabora 19 Septemba 1916. Wajerumani waliondoka wakiwa na muda wa kujipanga. Jeshi linalorudi nyuma kwa mpango linaondoka na dhahabu yake. Ndicho kitu chepesi kubeba kuliko vyote kwa thamani yake. Hata hivyo, kila mwaka kuna mtu anayeuza shamba ili alipe "mtaalamu" mwenye ramani au kipima madini. Anayetajirika ni mtaalamu. Nyuma yao hubaki mashimo kwenye misingi ya maboma na kando ya makaburi ya watemi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba maeneo hayo bila kibali, kwa hiyo ukiyaona mashimo mapya, ripoti.

Hapo ndipo wazee walipotuzidi akili. Walituonya tangu utotoni: ukichukua kitu kaburini kwa mtemi, utapatwa. Siwezi kuthibitisha laana. Naweza kuthibitisha kwamba palipoogopwa pamebaki, na pasipoogopwa pamechimbwa. Mwiko huo umelinda historia yetu miaka mingi kabla ya sheria yoyote kuandikwa.

"Miembe ya Tabora ni kokwa zilizotupwa na watumwa."

NUSU KWELI. Miembe ilikuja na watu wa pwani, ikafuata vituo vyao, ndiyo maana Tabora na Ujiji zimejaa kivuli. Mateka walipita chini yake, na wengi walipanda na kutunza bustani za mabwana zao. Lakini mti wenyewe hautoi ushuhuda. Mingi unayoiona imepandwa baadaye, na hata mwembe wa Ujiji ambao chini yake Stanley na Livingstone walikutana ulikwisha kufa. Iliyopo inasemekana imetokana nao. Ukitaka kuukumbuka utumwa, usiutegemee mwembe peke yake. Weka maandishi.

"Vita ya Kwanza ya Dunia ilikuwa ya Wazungu, haituhusu."

UONGO. Walioanzisha ni wao; waliobeba ni sisi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, wapagazi waliokufa Afrika Mashariki wanakadiriwa kupita 95,000, wengi kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Wengi wao walichukuliwa kwa nguvu, tofauti kabisa na babu yao aliyepatana ujira wake kwa kirangozi miaka 40 kabla.

Ile sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa 1927 mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani Wissmann, inawataja wapagazi katika maandishi yake. Lakini aliyefinyangwa kwa shaba ni askari mmoja mwenye bunduki. Nairobi walimsimamisha mpagazi pamoja na askari. Tabora, iliyowatoa wapagazi wengi kuliko karibu mahali popote, ina haki ya kudai sanamu ya mpagazi, na napendekeza isimame karibu na stesheni: reli ilipofika hapa 1912 ndiyo iliyoifunga kazi yake ya ujira.

"Tabora 1958, TANU ilisalimu amri kwa Mwingereza."

UONGO. Nimewahi kusikia hata vijana wenye elimu wakilisema hili, kwa hiyo tulitazame vizuri.

Waingereza walileta uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Na si kila mtu aliruhusiwa kupiga: ulihitaji kipato, elimu au cheo cha kiwango fulani. Ulikuwa mpango wa dhuluma. Wajumbe wengi waliokuja mkutano wa TANU wa Tabora Januari 1958 walikuja na nia moja tu: kususia.

Walibishana kwa siku kadhaa. Nyerere, aliyeijua Tabora tangu akiwa mwanafunzi wa Tabora School na baadaye mwalimu wa St Mary's, alisimama upande ambao haukupendwa. Hoja yake ilikuwa hii: tukisusa, viti vitachukuliwa na United Tanganyika Party, chama kilichopendwa na serikali, nasi tutakaa nje miaka. Tukiingia, tutawaunga mkono Wazungu na Waasia wanaokubaliana nasi, tushinde viti vyote vitatu. Wajumbe wakapiga kura na hoja ikapita. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitoa akaanzisha African National Congress. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, na kutajwa kwake ni sehemu ya kuusema ukweli wa mkutano ule.

Matokeo ndiyo ushahidi. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU walishinda, wakiwamo Derek Bryceson, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Uhuru ukaja 9 Desemba 1961. Ule mkutano tunauita Uamuzi wa Busara, na jina hilo linastahili. Ila tunakosea tunapousimulia kama busara ya mtu mmoja. Mamia ya watu wasioandikwa walichanga nauli, waliwalaza wajumbe majumbani, walipika, kisha wakarudi kwao kuwashawishi majirani wenye hasira wapange foleni kwenye uchaguzi wasioupenda.

"Masimulizi ya wazee si ushahidi."

UONGO, kwa sharti moja. Wazee wa Unyamwezi walisema siku zote kwamba watu wao ndio waliotangulia pwani, na waandishi walichelewa kuwakubalia. Majina ya watemi waliyoyahifadhi kwa kichwa yameisaidia historia iliyoandikwa. Sharti ni kwamba kila ukoo hukisifu chake. Basi usiishie nyumba moja. Ukisikia habari ya vita kwa wajukuu wa Urambo, vuka uisikie Unyanyembe pia. Mahali wanapokubaliana simama hapo, na wanapotofautiana andika yote mawili.

"Kumbukumbu ni kazi ya serikali."

NUSU KWELI. Makumbusho ya Kwihara ni ya umma, na Siku ya Mashujaa, 25 Julai, inaongozwa na Rais. Mengine yako mikononi mwako kisheria. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na unapaswa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Hapo ndipo mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unapopitishwa, na hapo unaweza kuomba kaburi la mtemi, kisima cha msafara au uwanja wa kambi ya zamani utengwe usigawiwe kuwa shamba wala kiwanja. Nenda na mzee mmoja anayeijua mipaka ya mahali hapo na mchoro ulioupima kwa hatua. Dai hoja yako iandikwe kwenye muhtasari, nakala impate afisa utamaduni wa wilaya, na mkutano unaofuata uwepo uulize imefikia wapi.

Nyumbani napo, mwulize bibi au babu swali moja kwa siku badala ya kumchosha kwa mia: nani katika ukoo alibeba mzigo, wa nani, kutoka wapi hadi wapi, alirudi na nini, na aliyebaki akilima ni nani? Andika tarehe ya mazungumzo, jina la aliyesimulia na jina la aliyemsimulia yeye. Nakala moja ibaki kwenye familia, nyingine ipelekwe shule ya kata, ambako mwalimu wa historia ataweza kuilinganisha na za kaya nyingine.